Naibu na Nyumba Isiyo na Jiko

Msiniulize Naibu alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Sisi shuleni tuliamini hakuzaliwa. Alitolewa stoo pamoja na madawati, akapanguswa vumbi, akakabidhiwa kiboko. Jaribu kumfikiria akiwa mtoto mchanga, amefungwa nepi, analia. Haiwezekani. Nepi angejifunga mwenyewe, kisha angemwadhibu mkunga kwa kuchelewa.

Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule yetu ya kutwa hapa Kisumu, na bado ndiye. Mimi nilikuwa mteja wake. Wenzangu walifika ofisini mwake mara moja kwa muhula, wakatoka wanapepesuka. Mimi nilifika mara nyingi hata nikajua ni mguu gani wa kiti cha wageni uliolegea, nikawa nawaonya wengine. Makosa yangu yalikuwa madogo madogo: kuiga sauti ya mwalimu wa kilimo, kumuuliza mwalimu wa dini kama Nuhu alibeba viroboto kwa hiari yake. Naibu hakuwa mtu wa kufoka. Alinitazama kama fundi anavyotazama baiskeli iliyogongwa na lori, akasema, "Kijana, akili yako ni kali, lakini haina mpini. Inakukata wewe mwenyewe." Kisha akanionyesha ukuta wa kushika.

Alikuwa na misemo ya kila msiba. Ukianza kujieleza kwa nini umechelewa, alikuinulia kidole: "Sababu si jibu." Ukimtajia kwamba baba yako anafanya kazi ofisi kubwa, alikukabidhi fyekeo: "Nyasi hazimjui baba yako." Na kama darasa zima limefeli, alisimama mlangoni, akatikisa kichwa, akasema neno moja tu, "Ajabu," akaenda zake. Hilo neno lilitutia uchungu kuliko fimbo. Fimbo unaisahau ukifika nyumbani. Neno "ajabu" unalala nalo.

Nilimjua hata kabla ya kuingia sekondari, kwa sababu kila asubuhi alipita mbele ya nyumba yetu Nyalenda, akiisukuma baiskeli yake. Sikukosea: akiisukuma. Mtu mmoja kwenye foleni ya maji aliwahi kumuuliza, "Mwalimu, mbona hupandi?" Akajibu bila kusimama, "Njia hii ina watoto, kuku na maji machafu. Vitu vitatu visivyojua sheria. Nitapanda nikifika kwenye lami." Na akifika kwenye lami kweli alipanda, mgongo umenyooka kana kwamba amemeza rula.

Sasa mtu kama huyo ungedhani haogopi kitu. Alimwogopa bata mzinga. Mwalimu mkuu alifuga bata mzinga mmoja, dume, mwekundu usoni kama amekasirishwa na serikali. Siku moja katikati ya gwaride la asubuhi, Naibu akitusomea makosa ya juma, yule ndege akatokea nyuma ya jukwaa na kumjia huku amefungua mkia. Naibu alimwona. Akafunga faili. Akasema kwa sauti ile ile, bila kutetemeka, "Gwaride, tawanyika!" Halafu yeye ndiye aliyetawanyika wa kwanza, kwa hatua ndefu, mpaka chumba cha walimu, akafunga mlango na komeo. Sisi tulibaki pale na yule bata mzinga. Ndiyo siku tuliyompenda kidogo.

Jambo jingine: alikuwa mtu wa ziwani asiyekula samaki. Hapa kwetu hilo ni kama padri asiyejua kusali. Wakati wa sherehe za shule, walimu wengine wakinyonya vichwa vya ngege mpaka macho yanawatoka, yeye alikula maharage, akidai samaki wanampotezea mtu muda. Ukweli, nilikuja kuujua baadaye, ni kwamba alishikwa na mwiba kooni utotoni na hakuwahi kumsamehe samaki hata mmoja.

Na hakuwa na mke. Nyumba yake ya shule ilikuwa na kiti kimoja. Mwalimu wa hisabati alimuuliza mbele yetu, "Na mgeni akija, Naibu?"

"Asimame. Ataondoka mapema."

Huyo ndiye mtu aliyeanza kukohoa nikiwa kidato cha pili.

Mwanzoni tuliona ni faida. Kikohozi chake kilitangulia mbele yake kama kengele ya ng'ombe, tukawa tunajua yuko karibu, tunakaa sawa. Kisha akaanza kukonda. Mshipi ukaongezwa tundu, kisha tundu jingine, mpaka ikawa si yeye anayevaa shati, ni shati linalomvaa yeye. Hakukosa siku moja kazini. Alishika nguzo ya bendera, akakohoa, akafuta mdomo kwa leso, akaitazama leso, akaikunja, akaendelea kutusomea makosa yetu.

Ile ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, na nyote mnajua. Mtu akikonda Kisumu watu hawakuuliza anaumwa nini. Waliuliza mazishi ni Jumamosi gani. Chooni kwetu shuleni kulishaandikwa ukutani mambo ambayo siyarudii. Ndugu zake kutoka Seme, upande wa kule ng'ambo ya Kombewa, wao walisema ni chira, yaani ule ugonjwa wa kumaliza mwili unaompata mtu aliyevunja mwiko wa wazee. Wakaja na fungu la mizizi, wakamkalisha chini, wakamuuliza amevunja mwiko upi.

"Mwiko gani?" akawauliza. "Miiko yote ni ya mke, shamba na nyumba. Mimi sina hata kimoja. Ningevunjia wapi?"

Hospitalini walimpima kila kitu: damu, makohozi, picha ya kifua. Daktari akamwambia waziwazi: ni kifua kikuu, ule ugonjwa mwingine unaousikia huna, utadungwa sindano, utameza dawa miezi mingi, utapona. Naibu akamshukuru, akatoka, na hakuamini neno hata moja. Mtu aliyetuambia kila siku tuonyeshe njia ya kupata jibu, safari hii ameonyeshwa jibu na njia, akaamua daktari ana adabu nzuri tu, anamficha.

Nimejuaje yote haya? Kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi ni dada ya Baba. Alikuwa ameolewa huko Bondo, ndoa ikamshinda, ng'ombe wa mahari wakarudishwa zamani, naye akaja kuishi kwetu Nyalenda na cherehani yake. Alishona sare za nusu ya watoto wa mtaa, akiimba. Ni mtu wa kucheka mpaka sindano inamdondoka. Kisha naye akaanza kukohoa, akapimwa, ikawa kifua kikuu, miezi michache tu kabla ya Naibu. Mama yangu, ambaye si mtu mbaya ila ni mwoga, alimtengea kikombe chake, akakifunga uzi mwekundu kwenye mkono ili tusichanganye. Shangazi alikitazama kikombe, akasema, "Asante, wifi. Sasa nimekuwa mheshimiwa, nina kikombe rasmi." Alicheka. Lakini aliacha kuimba kwenye cherehani, na nyumba ikawa na ule ukimya wa redio iliyoisha betri.

Kliniki ya kifua ilikuwa na benchi moja refu. Kila asubuhi wagonjwa walikaa hapo wakingoja sindano, na kila wiki walipanda mizani. Naibu alikaa mwisho wa benchi, mgongo rula, ameacha nafasi ya watu wawili kati yake na binadamu. Shangazi alimfahamu, maana ndiye aliyenishonea suruali nilizopasua nikiruka ua wa shule ya Naibu. Hakumsemesha. Alimwachia mzee heshima yake.

Ni Naibu aliyeanza. Shangazi alitusimulia jioni hiyo mezani, na Baba alijaribu kumzuia kwa sababu tulikuwa tunakula.

Naibu alisogea kwenye benchi, kidogo, kisha kidogo tena. Akakohoa. Akatazama mbele. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu cha haramu, "Samahani, Mama. Je, wewe pia... rangi?"

"Rangi gani, Mwalimu?"

"Ya... ya haja ndogo."

"Ya machungwa? Kama soda?"

"Kama soda," akasema Naibu.

Shangazi alicheka mpaka muuguzi akachungulia dirishani. "Mwalimu! Ni dawa hiyo! Sote hapa tunakojoa soda! Hukuambiwa?"

"Niliambiwa," akasema. "Nilidhani ni njia ya upole ya kuniambia ni damu."

Sasa mimi nikasikia hayo nikiwa na ugali mdomoni. Mnaelewa hali yangu? Nilikuwa nimebeba habari kubwa kuliko zote katika historia ya shule yetu, na Baba akaniona usoni, akasema taratibu, "Ukiitoa nje ya nyumba hii, hata Naibu hatakukuta. Nitakumaliza mimi." Nikameza ugali pamoja na habari yote. Mpaka leo ni mara ya kwanza naitoa, na nina ruhusa ya Shangazi.

Basi kutoka siku ile nafasi ya watu wawili kwenye benchi ikawa ya mtu mmoja, kisha ikawa haipo. Walishindana kwenye mizani kama mabondia. Shangazi akipanda, Naibu alisimama nyuma kuchungulia sindano ya mizani. "Umeficha mkasi mfukoni," alimwambia. "Na wewe umevaa viatu vya darasani," Shangazi akamjibu, "vua tuone ukweli." Naye Naibu, mbele ya kliniki nzima, akainama, akafungua kamba za viatu. Shangazi alirudi nyumbani anatuigizia soksi zake zilivyokuwa na viraka, na tukasikia cherehani ikiimba tena, na mwenye cherehani pia.

Lakini ukidhani walizungumzia mambo ya mapenzi umekosea. Walizungumzia makaburi. Ndiyo. Wale wawili walichumbiana kwa makaburi.

Kwetu Wajaluo mwanamume mzima akifa bila nyumba nyumbani kwao, hazikwi mpaka ajengewe. Watu wanakuja mbio na miti na mabati ya kuazima, wanasimamisha kibanda kwa siku moja, maiti ipate pa kulala, ndipo mambo yaendelee. Naibu alikuwa amefanya kazi Kisumu miaka yote hiyo na Seme hakuwa na hata banda la kuku. Jambo hilo lilimnyima usingizi kuliko kikohozi. "Watajenga haraka haraka," alimwambia Shangazi. "Mlango utakuwa kombo. Sitaki kazi mbaya ifanywe kwa jina langu."

"Wewe angalau una boma la kulazwa ndani yake," Shangazi akasema. "Mimi ni binti aliyeolewa akarudi. Kwa baba yangu siruhusiwi kuzikwa ndani. Nitawekwa nje ya ua, kando ya njia ya ng'ombe. Kila jioni watanipita wakienda kunywa maji ziwani, na mimi nitawasalimia."

Alisema hivyo kama mzaha. Naibu hakucheka. Alipoitwa kudungwa sindano akainuka, akasema, "Hiyo si sawa." Shangazi anasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Ndugu zake, Baba akiwemo, walimwambia ndivyo mila ilivyo. Huyu peke yake ndiye aliyesema si sawa.

Likizo ya Agosti Naibu akaenda Seme kujenga nyumba yake ya mazishi.

Narudia ili muelewe. Daktari amesema atapona. Mizani inapanda kila wiki. Kikohozi kimepungua hata sisi watoro tumepoteza kengele yetu. Na huyu mtu anajenga nyumba ili afe vizuri. Kaka yake mkubwa alimuuliza, "Omera, ndugu yangu, nani anajenga nyumba bila mwanamke? Nani atawasha moto humo?" Akajibu kwamba moto hautahitajika. Aliisimamia kazi mwenyewe, kamba mkononi, kofia kichwani, akawasahihisha mafundi kama anavyosahihisha insha. Ilitoka nyumba safi, ya mabati mapya, kuta zimenyooka kama yeye.

Kisha akarudi kliniki, akamchorea Shangazi nyumba yote chini kwenye mchanga kwa kijiti, akijivuna. Hapa sebule. Hapa dirisha. Na hapa mlango, mpana kuliko milango yote ya Seme.

"Kwa nini mpana hivyo?"

"Jeneza lipite bila kuinamishwa."

"Na jiko liko wapi?"

"Jiko la nini?"

"La kupikia, Mwalimu."

"Fundi," akamwambia, maana siku hizo alikuwa anamwita Fundi, "maiti hapiki."

Shangazi akaufuta ule mchoro kwa kandambili, dirisha, mlango na yote, akaenda zake. Alifika nyumbani na hasira mpaka akaunguza shati la mteja kwa pasi. "Mtu ananenepa kila wiki," alimfokea Baba, ambaye hakuwa amefanya kosa lolote siku hiyo, "mashavu yamerudi, anacheka, anauliza nimekula nini, halafu anajenga kaburi lenye madirisha!" Na hapo ndipo sisi wote nyumbani, hata mimi mwenye akili isiyo na mpini, tulielewa hali ya mambo. Shangazi hakuwa amekasirika kwa ajili ya ramani.

Jumapili iliyofuata Naibu alikuja kwetu.

Nilimwona kwa mbali, anasukuma baiskeli, koti la kanisani na kofia, na nilikuwa na sababu zangu za kudhani anakuja kwa ajili yangu. Nikaruka ukuta, nikajificha nyuma ya bafu la jirani. Nikangoja kusikia jina langu. Halikutajwa. Hilo lilinitia wasiwasi zaidi.

Mama mwenyewe alinisimulia baadaye: alimletea chai katika kikombe cha wageni, kile chenye maua. Naibu alikitazama. Akatazama mezani, akakiona kile cha uzi mwekundu mbele ya Shangazi, chai yake nusu. Akavisukuma: kile cha maua kwa Shangazi, kile cha uzi kwake. Akanywa. Mama akasimama pale na birika mkononi, akaona haya mpaka masikioni, na tangu siku hiyo ule uzi sikuuona tena. Naibu hakusema neno juu yake. Alisifu chai.

Halafu wakatoka kukaa nje chini ya kivuli cha mabati, hatua chache tu kutoka nilipojificha, na foleni ya maji ikiwa pale pale mbele yao, akina mama na mitungi yao. Sasa kuna jambo nilisahau. Zile sindano zilikuwa zimemlegeza Naibu sikio la kushoto. Shangazi alikuwa amekaa kushoto.

Naibu alisema kitu kwa sauti ya chini. Sikukisikia, na nilijitahidi. Shangazi akajibu kwa sauti ya chini pia.

"Ati?" akasema Naibu.

Shangazi akarudia.

"Samahani, Fundi. Sikio hili..."

"NIMESEMA NA MIMI NAKUPENDA, MWALIMU!"

Maji yalifurika mtungi wa mtu. Mama mmoja akapiga kigelegele, mwingine akadakia, na mzee wa bomba, ambaye kwa kawaida hacheki hata ukimlipa, akavua kofia. Naibu aliinuka, akawainamia wote kidogo kama anavyofanya siku ya wazazi, akakaa tena. Mimi nyuma ya bafu nilikuwa nimeuma mkono wangu. Naibu! Na Shangazi yangu! Nilimwona tayari mezani kwetu kila Jumapili, akiniuliza njia niliyotumia kupata jibu.

Lakini furaha ile haikumaliza hata chai. Nilimsikia anasema, safari hii kwa sauti, "Ndiyo maana sitakuoa. Sitaki kukuacha mjane."

"Nani amekwambia unakufa?"

"Fundi, nimewazika walimu wenzangu. Nao waliambiwa watapona."

"Hao walikuwa na ugonjwa wao. Wewe una wa kwangu. Ujane naujua, Mwalimu. Niliishi nao miaka sita na mume akiwa hai, mezani, anakula. Huwezi kunitisha nao. Ila nikwambie hivi. Nyumba ya maiti mimi siingii. Siku utakapojenga jiko, nitajua umeamua kuishi, nami nitakuja. Usipolijenga, tutaonana kliniki mpaka dawa ziishe, kisha kwaheri."

Naibu aliondoka anasukuma baiskeli. Alifika kwenye lami, na hakupanda.

Wiki zikapita. Shangazi alimaliza dawa zake wa kwanza, makohozi yake yakawa safi, akaacha kwenda kliniki, na benchi likabaki la Naibu peke yake na nafasi zake. Nyumbani hatukulitaja jina lake. Shangazi alishona kwa bidii ya kutisha. Mimi nilijaribu mzaha mmoja kuhusu soda ya machungwa, akaniambia, "Nyathina, mwanangu, leo hapana," kwa upole, na nikatamani angenirushia kiatu.

Kisha Naibu naye akamaliza dawa. Nasikia daktari alimsomea majibu, naye akamwomba ayasome tena, polepole, upande wa sikio la kulia.

Siku mbili baadaye nikaitwa ofisini. Kosa langu lilikuwa la haki: nilikuwa nimemwiga yeye mwenyewe, na bata mzinga, gwaride zima likiona. Niliingia, nikaenda moja kwa moja ukutani, nikaushika. Mteja mzuri hasubiri kuelekezwa.

"Kaa," akasema.

Nikageuka. Alikuwa ananionyesha kiti. Nikakaa upande ule usio na mguu mbovu. Naibu alipanga kalamu zake mezani, akazipangua, akazipanga. Nilimwona jasho. Naibu, jasho!

"Shangazi yako," akasema. "Angependa jiko likae upande gani wa nyumba?"

Mzaha ulikuwa tayari mdomoni mwangu. Na ghafla nikaona kwamba huyu mtu ananiogopa. Si mimi hasa, jibu langu. Ningesema mzaha hapo, angefunga faili na kuondoka kwa hatua ndefu, na huenda asingerudi.

"Mwalimu," nikasema, "yeye hapendi moshi uingie anapolala. Na anapenda kupika huku anaona nani anaingia langoni, ili amseme kabla hajafika."

Naibu aliandika. Haki ya Mungu, aliandika. Kisha akanitazama kwa muda.

"Hilo ndilo jibu lako la kwanza sahihi tangu kidato cha kwanza. Viboko viwili badala ya vinne. Shika ukuta."

Mambo ya wazee, mahari na baraka za kanisani yalichukua muda wake na hayana utamu, isipokuwa pale ambapo wazee wetu walimuuliza Naibu ana sababu gani ya kumtaka binti yao, naye akasema sababu si jibu, wakadhani ni methali nzito ya Seme, wakatikisa vichwa wote. Nitayaruka.

Nataka kuwapeleka siku ya jiko. Ilikuwa likizo ya Aprili mwaka huu. Jiko lilikuwa limekandikwa na kukauka, na Shangazi alikuwa awashe moto wa kwanza. Tulikwenda Seme wote, Baba, Mama na mimi. Kutoka barabarani unaiona nyumba ile ya mabati na mlango wake mpana wa kijinga, ambao sasa umewekewa pazia la maua la cherehani ya Shangazi, na kando yake kibanda cha udongo chenye paa la nyasi, kinatazama lango.

Naibu alitupokea akiwa na fulana na viatu vya mpira. Sikujua ana mikono. Yaani mikono ya kawaida, yenye udongo mpaka kwenye viwiko. Alinisalimia, nikamwitikia "Ndiyo, Naibu," maana ulimi umekataa jina jingine lolote, na hata Shangazi siku hizi humwita hivyo hivyo. Tukakaa nje kula. Walipakua samaki. Shangazi akavuta sahani ya mumewe mbele ya kila mtu, akaanza kuitoa miiba, mmoja mmoja, akiiweka kando kwenye jani, na Naibu akangoja, mikono mapajani, kama mtoto wa chekechea. Baba alitazama ziwa. Mimi nilitazama kila kitu.

Baada ya chakula Shangazi akaingia jikoni na kaa la moto kutoka kwa shemeji yake. Naibu akamfuata ndani, eti kuona kama mafiga matatu yamekaa sawa. Moshi ukaanza kutoka chini ya nyasi, mweupe, kisha mzito, kisha mlangoni. Shangazi akatoka anapepea uso kwa ungo. Naibu alibaki ndani.

Ndipo alipokohoa.

Kikohozi kirefu, cha kutoka chini kabisa, kisha kingine juu yake, kisha kingine. Mama aliyekuwa akikusanya sahani akasimama na sahani. Baba akaweka chini bilauri. Kaka yake Naibu akafumba macho. Shangazi hakugeuka. Alishika ule ungo kifuani kwa mikono miwili, akatazama lango, na midomo yake ilikuwa inasogea bila sauti. Nilitafuta kichwani mwangu mzaha, mmoja tu, wa kutupa katikati ya kile kimya, nikakuta hakuna.

Naibu akatokea mlangoni, ameinama, macho yanatiririka. Akatoa leso mfukoni, akafuta mdomo. Akaifungua. Akaitazama, upande huu, akaigeuza, upande ule. Sote tulikuwa tunamtazama anavyoitazama.

"Moshi," akasema.

Shangazi alimjia upande wa sikio la kulia, akalishika kabisa kwa mkono. "Nini?"

"Moshi tu, Fundi. Kuni ni mbichi."

"Moshi tu?"

"Moshi tu."

Shangazi akavuta pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu lile benchi. Kisha akampiga kwa ungo begani. "Si nilikwambia kuni hizo ni mbichi! Nilikwambia! Na nani alikuruhusu kuingia jikoni kwangu na matope yako?" Alikuwa anacheka na analia, na Mama akacheka, na Baba, ambaye hulia mara moja kwa miaka kumi, akasema kuna kitu kimemwingia jichoni, moshi labda.

Mimi nilikuwa nimekaa chini, nacheka kama mjinga.

"Wewe," Naibu akaniambia, leso bado mkononi. "Unacheka nini?"

"Hakuna, Naibu."

"Basi cheka huku unapasua kuni kavu. Shoka liko nyuma ya nyumba." Akaikunja leso, akaitia mfukoni, akainama tena na kurudi ndani ya ule moshi, kuangalia kama maji yamechemka.